Wanyama wa Ruaha na Daftari la Kijiji

Katika somo hili twataka kueleza jambo linalowahusu sana watu wa Iringa na Mbeya, na kila wilaya iliyopakana na pori lililohifadhiwa. Nalo ni faida ya wageni wanaokuja kutazama wanyama wa porini. Wageni hao huitwa watalii. Watu wengi wamesikia ya kuwa utalii ni mali ya nchi, nao hukubali kwa kuwa yamesemwa na wakubwa. Lakini mkulima wa Pawaga ambaye usiku tembo wamepita katika shamba lake huuliza: Mali hiyo ni ya nani, na hupita njia gani hata kunifikia mimi? Swali hilo si la ukaidi. Ni swali la haki, na kila mwalimu, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji sharti aweze kulijibu.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: Mgeni aweza kumfaa mwenyeji, na mwenyeji aweza kumlinda mnyama, lakini mambo hayo mawili hayaji yenyewe. Huja pale tu ambapo anayepata hasara ya mnyama aiona pia faida yake, na hesabu yake husomwa mbele ya watu wote. Sasa na tueleze hatua kwa hatua.

1. HABARI ZA PORI LENYEWE

Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iko magharibi ya mji wa Iringa. Mtu akitoka mjini hupita Kalenga, mahali palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, kisha huendelea mpaka nchi ya Idodi, na kutoka huko huingia porini hata Msembe, makao makuu ya Hifadhi. Mwendo wote ni kama kilometa 130.

Nchi hiyo ilianza kuhifadhiwa zamani za Wadachi, mwaka 1910, kwa jina la Mto Saba. Mwaka 1946, Waingereza walipotawala, ikaitwa Pori la Akiba la Rungwa. Mwaka 1964, baada ya Uhuru, sehemu ya kusini-mashariki ya pori hilo ilitengwa ikawa Hifadhi ya Taifa, ikapewa jina la mto wake mkuu. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliongezwa, na Hifadhi ikapata eneo la kilometa za mraba zaidi ya 20,000. Kwa miaka kadhaa ikawa kubwa kupita hifadhi zote za taifa za Tanzania, mpaka mwaka 2019 ilipoanzishwa Hifadhi ya Nyerere katika pori la Selous.

Uzuri wa Ruaha ni kwamba pori la miombo la kusini na nyika ya migunga ya kaskazini hukutana hapo. Kwa hiyo mgeni aweza kuona katika nchi moja wanyama ambao kwingine hawakai pamoja: tandala mkubwa na tandala mdogo, palahala na korongo, twiga, simba, chui, duma, na mbwa mwitu ambao sasa ni wachache sana duniani. Tembo wa Ruaha wana sifa mbali na karibu.

Watu wa Mbeya nao wasidhani ya kuwa habari hizi ni za wenzao peke yao. Upande wa Usangu wa Hifadhi hiyo umo katika mkoa wao. Tena wanayo Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo wageni huijia kwa ajili ya maua tu. Na katika misitu ya Rungwe na Kitulo yuko kima aitwaye kipunji, ambaye habari zake ziliwafikia wataalamu wa dunia mwaka 2005 tu, ingawa Wanyakyusa walikwisha kumpa jina.

2. HASARA YA KUKAA JIRANI NA WANYAMA

Mtu akitaka kufundisha faida, yampasa kwanza kuikiri hasara. Asipofanya hivyo hasikilizwi.

Tembo akiingia katika shamba la mahindi au mpunga, kazi ya miezi mitano huisha kwa usiku mmoja. Simba na fisi huvunja zizi wakaua ng'ombe na mbuzi. Mamba na viboko hukaa katika maji yale yale ambayo wanawake wanateka. Zaidi ya hayo, watoto hukosa shule kwa sababu wanalinda mashamba, na wazee hukesha dunguni katika baridi na mbu. Hasara hizi za usingizi na masomo haziandikwi katika hesabu ya mtu ye yote, lakini ni hasara kweli.

Wazee wa Njombe hawana haja ya kuambiwa ukali wa simba. Tangu mwaka 1932 hata 1947 simba wala watu waliisumbua nchi ile. Hesabu ya waliouawa husemwa kuwa ilipita elfu moja, mpaka Bwana George Rushby wa Idara ya Wanyama alipowasaka simba hao na kuwamaliza. Mtu aliyelelewa katika hadithi hizo hawezi kuambiwa tu, "Mpende simba". Sharti aonyeshwe sababu.

Sheria ya Tanzania haitoi fidia kamili kwa hasara ya wanyama. Hutoa malipo ya kuliwaza: kwa mazao na mifugo huitwa kifuta jasho, na kwa mtu aliyeumizwa au kufa huitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa jamaa za mtu aliyeuawa, na kwa mashamba hazikulipa zaidi ya ekari tano. Majina hayo yenyewe yasema kweli: jasho hufutwa, lakini kazi iliyopotea hairudi. Kwa hiyo, ikiwa jirani wa Hifadhi hapati kitu kingine zaidi ya kifuta jasho, hana sababu ya kutaka tembo aishi.

3. NJIA NNE ZA FEDHA ZA WAGENI

Basi, na tutazame njia ambazo fedha ya mgeni hupita kufika kijijini. Kwa Iringa njia hizo ni nne.

Njia ya kwanza ni kazi na biashara. Mgeni hulala, hula, husafiri na hununua. Tungamalenga, kijiji kilicho karibu na lango la Hifadhi, kimepata nyumba za wageni na kambi kwa sababu ya njia hiyo. Vijana huajiriwa kuwa madereva, wapishi na waongozaji. Wakulima huuza kuku, mayai na mboga. Wanawake wa Uhehe tangu zamani husuka vikapu vya nyasi za milulu, na vikapu hivyo vya Iringa sasa hununuliwa hata Ulaya na Marekani. Katika mji wa Iringa, mwaka 2003, Kanisa la Anglikana lilianzisha karakana iitwayo Neema Crafts kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ilianza na vijana watatu viziwi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Jambo hili lastahili kufundishwa shuleni: kitu ambacho wengine hukiruka njiani, mtu mwenye akili amekifanya karatasi na kuuza.

Njia hii ina kasoro moja. Humfaa aliye karibu na barabara na mwenye ujuzi. Mkulima wa Pawaga aliye mbali na lango haoni gari la mgeni hata moja, ingawa tembo humwona kila mwaka.

Njia ya pili ni ujirani mwema wa Hifadhi yenyewe. Tangu mwaka 1988 Shirika la Hifadhi za Taifa lilianza, kwanza upande wa Serengeti, kutoa sehemu ya mapato yake kusaidia vijiji vya kando katika kujenga madarasa, zahanati na visima. Wanakijiji nao hutia nguvu zao, mchanga, mawe na matofali. Msaada huu ni mzuri, lakini mtoaji ndiye mwenye kushika mfuko. Kijiji huomba na kungoja.

Njia ya tatu ndiyo iliyo kubwa kwa maana, kwa kuwa ndani yake wanavijiji huwa wenyeji wa mali na si waombaji. Hiyo ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Serikali iliweka shauri hili katika Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998, na kanuni zake zikatoka mwaka 2002: vijiji vyaweza kutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, kuunda jumuiya, kufanya mapatano na wenye kambi au wawindaji, na kupokea mapato.

Iringa ilikuwa mbele katika kazi hii. Baada ya mwaka 1990, kwa msaada wa Uingereza, vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga vilipewa mgao wa wanyama katika nchi iliyoitwa Lunda-Mkwambi, vikauza mgao huo kwa wawindaji wakaaji wa nchi, na fedha zikaingia katika mifuko ya vijiji. Mwaka 1997 ukaanza mradi ulioitwa MBOMIPA, maana yake Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Mradi ulipokwisha, jina likabaki kwa jumuiya ya vijiji vyenyewe. Na mwaka 2007 jumuiya hiyo ya vijiji 21 ikakabidhiwa haki ya kusimamia wanyama katika ardhi iliyotengwa, kiasi cha kilometa za mraba 777, kando ya mpaka wa Hifadhi.

Njia ya nne ni mpya, nayo ni ya kuvutia. Mwaka 2009 mtaalamu Mwingereza, Bibi Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford, alianzisha kazi ya kuwachunguza simba na wanyama wengine walao nyama katika nchi ya Ruaha. Aliona ya kuwa simba waliuawa sana katika ardhi ya vijiji, maana waliwaletea watu hasara tu. Ndipo likatokea shauri la kamera. Vijiji hupewa kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, na vijana wa kijiji ndio wanaozitega na kuzitunza. Kila mnyama aliyepigwa picha ana alama zake. Simba na mbwa mwitu wana alama nyingi kuliko sungura na digidigi. Vijiji vinne vinne hushindana, na baada ya kila miezi mitatu hupata tuzo kwa kadiri ya alama. Tuzo hizo ni kwa faida ya wote: vitu vya shule, vya zahanati, na dawa za mifugo.

Tazama hekima ya jambo hili. Zamani simba aliye hai katika ardhi ya kijiji alikuwa hasara tupu. Sasa simba huyo akipita mbele ya kamera huongeza dawa katika zahanati. Mtu haambiwi kumpenda kwa maneno; anamhesabu.

4. HESABU YA KUFUNDISHIA

Walimu waweza kutumia hesabu ifuatayo ubaoni. Tarakimu zake ni za mfano tu, si za jumuiya yo yote.

Tuseme jumuiya yenye vijiji 21 imepata shilingi 84,000,000 kwa mwaka. Kanuni za mwanzo zilitaka angalau nusu ya mapato iende vijijini, na sehemu nyingine itumike kwa ulinzi wa wanyama na kuendesha jumuiya. Nusu ya fedha hizo ni shilingi 42,000,000. Tukigawa kwa vijiji 21, kila kijiji hupata 2,000,000. Tuseme kijiji kina nyumba 500. Tukigawa tena, kila nyumba hupata shilingi 4,000.

Sasa tuseme katika kijiji hicho mjane mmoja ameliwa na tembo ekari moja ya mahindi, ambayo ingempa magunia 8, na kila gunia bei yake ni shilingi 50,000. Hasara yake ni 400,000.

Hesabu hii yatufundisha mambo matatu.

Kwanza, fedha zikigawanywa nyumba kwa nyumba hupotea kama maji katika mchanga. Shilingi 4,000 hazijengi kitu. Lakini shilingi 2,000,000 zikikaa pamoja zaweza kununua mabati ya darasa, na kila mtu akipita ataona.

Pili, faida ni ya wote bali hasara ni ya mmoja. Darasa jipya humfaa mtoto wa kila nyumba, lakini shamba lililoliwa ni la mjane yule peke yake. Mkutano wa kijiji ukishangilia mabati na kumsahau mjane, ndugu zake hawatatoa habari za jangili siku atakapopita. Kwa hiyo ni busara kijiji kitenge sehemu ya fedha za wanyama kwa ajili ya waliopata hasara mwaka ule. Hata mahindi ya kula mpaka mavuno yatamwonyesha ya kuwa wenzake wamemkumbuka.

Tatu, hesabu hii yote haiwezekani mtu asipojua tarakimu ya kwanza. Mwanakijiji asiyejua jumuiya ilipokea kiasi gani hawezi kujua kama fungu la kijiji chake ni la haki. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Mahali pengi ambapo jumuiya za namna hii zimechukiwa na watu wake, chuki haikuanza kwa tembo. Ilianza kwa hesabu isiyosomwa.

5. FAIDA KWA WANYAMA WENYEWE

Huenda mtu akasema, "Wanyama wana askari wao wenye bunduki, kwa nini wahitaji mwanakijiji?" Jibu limo katika habari za pembe.

Mwaka 2009 tembo wa nchi ya Ruaha na Rungwa walikadiriwa kuwa kama 34,000. Mwaka 2013 walikuwa kama 20,000. Hesabu ya mwaka 2015 ilipata kiasi cha 15,800. Katika miaka sita tu zaidi ya nusu wakaondoka, na sababu kubwa ilikuwa bei ya pembe katika nchi za mbali. Askari walikuwako wakati wote huo. Lakini pori la kilometa za mraba elfu ishirini halilindwi kwa bunduki peke yake. Jangili hupita kijijini kwanza: hununua unga, huuliza njia, hulala kwa mtu, hutafuta wachukuzi. Mwanakijiji humjua kabla ya askari. Akiwa anamhesabu tembo kuwa mali yake, atasema. Akiwa anamhesabu kuwa adui, atanyamaza.

Mfano wa pili ni sumu. Mwezi wa Februari mwaka 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, simba sita walikutwa wamekufa kwa sumu, na pamoja nao tai zaidi ya sabini waliokula mizoga. Hakuna ukuta wala askari awezaye kuzuia jambo la namna hiyo. Sumu hupatikana dukani kwa bei ndogo, na mtu hukifanya kitendo hicho peke yake usiku kwa hasira ya ng'ombe wake. Kinachoweza kuizuia hasira hiyo ni zizi imara la wavu wa chuma, ambalo simba halivunji, na faida inayoonekana. Kwa hiyo mwenye kutia wavu katika zizi la mfugaji amemlinda ng'ombe na simba kwa kazi moja.

Tembo nao waweza kuzuiwa bila kuuawa. Huchukia harufu ya pilipili: watu huchanganya pilipili iliyosagwa na oili chafu, wakapaka vitambaa juu ya kamba kuzunguka shamba. Tena huogopa nyuki. Mizinga ikitundikwa kwa waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mwenye shamba hubaki na mahindi, na asali juu yake.

6. MAJI NI MZIZI WA YOTE

Yako mambo ambayo kijiji kimoja hakiwezi kuyatengeneza peke yake, na la kwanza ni maji. Mto Ruaha Mkuu zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika ndani ya Hifadhi wakati wa kiangazi, na viboko husongamana katika madimbwi ya matope. Sababu kubwa iko juu, katika bonde la Usangu, ambako maji hutolewa kwa mifereji ya mpunga na ambako kinamasi cha Ihefu kimebeba mifugo mingi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa huko na kupelekwa mikoa mingine, jambo lililowaumiza wengi. Wala mto haukurudia hali yake ya zamani.

Mkulima wa mpunga wa Mbarali si mwovu. Naye ana watoto. Lakini yafaa ajue ya kuwa mfereji unaoachwa wazi mchana na usiku, hata wakati shamba halihitaji maji, hukausha mto wa watu wengine. Maji hayo hayo hunywewa na tembo ambao wageni huwajia, kisha huingia katika bwawa la Mtera, yakashuka mpaka Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme, na mwisho huungana na Rufiji. Kwa hiyo kufunga mfereji baada ya kumwagilia ni kazi ya kuwahifadhi wanyama pia, ingawa mtu hajashika bunduki wala kamera.

7. HATARI MBILI ZA KUKUMBUKWA

Hatari ya kwanza ni kuweka matumaini yote juu ya mgeni. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni 1,527,230. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia duniani, wakashuka hata 620,867. Kambi zikafungwa na vijana wakarudi nyumbani. Baadaye wageni waliongezeka tena, na mwaka 2024 walipita milioni mbili. Lakini aliyekuwa ameacha shamba lake kwa ajili ya kambi alijifunza kwa njaa. Mgeni ni kama mvua ya vuli: ashukuriwe akija, lakini ghala isijengwe kwa kumtumainia yeye peke yake.

Hatari ya pili ni kutaka wageni bila kuwaridhisha wenyeji. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Tanzania dola milioni 150 kwa mradi ulioitwa REGROW, wa kustawisha utalii wa kusini, na Ruaha ilikuwa mojawapo ya hifadhi zake. Mwaka 2023 malalamiko ya wanavijiji wa kandokando ya Hifadhi yalifikishwa mbele ya Benki, wakidai ya kuwa watu waliteswa na hata kuuawa, ng'ombe wakakamatwa, na vijiji vikatishiwa kuondolewa. Benki ikaamuru uchunguzi. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 malipo yakasimamishwa, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo mradi ukafutwa.

Hatutaki kuhukumu katika somo hili. Lakini fundisho li wazi kwa kila mwenye madaraka, mdogo na mkubwa: barabara nzuri na majengo mapya hayawezi kusimama juu ya jirani asiyeridhika. Mpaka ukitaka kusogezwa, watu wasikizwe kwanza, tena wasikizwe kweli, na haki zao ziandikwe kabla ya mawe ya mpaka kupandwa.

8. MAMBO YA KUFANYA

Kwa kuwa somo bila kazi ni maneno matupu, twashauri haya.

Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji: Kila miezi mitatu someni mbele ya mkutano mapato na matumizi ya fedha za wanyama, kisha yabandikeni ukutani kwa maandishi makubwa. Ikiwa hazikuingia, semeni ya kuwa hazikuingia, na kwa nini.

Wajumbe wa jumuiya: Kabla ya kutia sahihi katika mapatano na mwenye kambi au mwindaji, rudini kwa wanavijiji mwaeleze bei, miaka, na kazi ambazo vijana watapewa. Mapatano yaliyofichwa huzaa ugomvi kuliko tembo.

Waliopata hasara: Toeni habari upesi kwa mtendaji na kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya, kabla nyayo hazijafutika. Andikeni siku, mnyama, na ukubwa wa shamba. Malalamiko yasiyoandikwa hayafiki mbali.

Wafugaji: Tengenezeni maboma kabla ya masika, wala msiwaache watoto wadogo peke yao na ng'ombe penye simba. Sumu msiitumie kamwe. Huua tai, mbwa wa nyumbani, na yaweza kumwua mtu.

Walimu: Wapelekeni wanafunzi kuona. Ni aibu mtoto wa Iringa kusikia habari za twiga kwa mgeni aliyetoka London. Mahali ambapo safari ya Hifadhi haiwezekani kwa gharama, yako mabonde ya Isimila yenye zana za mawe za watu wa kale, na nyumba ya kumbukumbu ya Mkwawa pale Kalenga, lilipo fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954.

MASWALI YA DARASANI NA MKUTANONI

1. Taja njia nne ambazo fedha za wageni hufika vijijini. Ni ipi iliyofika katika kijiji chako, na ni ipi isiyofika?
2. Jumuiya yenye vijiji 21 imepata shilingi 63,000,000, na nusu yake yagawanywa kwa vijiji sawasawa. Kila kijiji kitapata kiasi gani? (Jibu: 1,500,000.) Kijiji chako kingezitumiaje?
3. Kwa nini askari peke yao hawawezi kulilinda pori kubwa kama la Ruaha?
4. Eleza jinsi mfereji wa mpunga wa Usangu unavyomhusu mwenye nyumba ya wageni Tungamalenga.
5. Wahenga husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kijiji chako, ni nani amepona kwa ajili ya wageni mwaka huu, na ni nani hajapona? Majina ya hao wa pili yaandikwe katika daftari la kijiji, na mkutano uanze nao.